Leo Ulikuwa Nani?

Kitambaa kikianza kuungua hakitoi moshi kwanza, kinatoa harufu. Mwanzoni ni tamu kidogo, kama mkate uliosahauliwa jikoni, halafu inageuka inakuwa ya nywele. Fundi Abdala alikuwa anatuambia ukiisikia hiyo ya pili ujue umeshachelewa, gauni la mtu limekwenda. Mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo, pale Turwa, pembeni ya mji wa Tarime ambako nyumba zinaishia na mihogo inaanza. Kibanda cha fundi kilikuwa cha mabati. Ndani kulikuwa na cherehani moja ya miguu, pasi ya mkaa yenye jogoo wa chuma kwenye mfuniko, na juu ya kabati televisheni ya mgongo mkubwa aliyokuwa anaifuta vumbi kila asubuhi kama anamwosha mtoto uso. Watoto tulikuwa tunaingia kwa mkaa. Unaleta mkaa wa pasi, unakaa chini juu ya mabaki ya vitambaa, unaangalia. Hatukuwa na kitu kingine cha kutoa, na yeye hakuwahi kudai kingine.

Kilichokuwa kinaonyeshwa ni hadithi za kale za Wahindi, zile za wafalme na mishale, kwenye diski zilizotafsiriwa na jamaa ambaye hatukuwahi kumwona sura. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na aliigiza kila mtu peke yake, mfalme, malkia, hata tembo. Ilikuwa habari ya ukoo mmoja uliogawanyika pande mbili, watoto wa kaka na watoto wa mdogo wake, wanagombea nchi ileile mpaka wanakwenda kuuana kwenye uwanja mmoja mpana, mjomba na mpwa, mwalimu na mwanafunzi wake. Nadhani mtu wa kwingine angehitaji kuelezwa inakuwaje ndugu wafike huko. Sisi wa Tarime hatukuhitaji. Watu wakimpita fundi mlangoni walikuwa wanamchokoza, "Abdala, wewe Mwislamu mzima unashinda na miungu ya Wahindi?" Yeye alikuwa mtu wa Tanga, ujanani alikunja vitambaa kwenye duka la Mhindi, na mama mwenye duka alikuwa anawasimulia hadithi hizo wakati wanakunja. Alikuwa anajibu bila kuinua macho kwenye sindano, "Siwaombi kitu. Najitazama tu. Hata kioo cha kinyozi si changu, na ndevu naziona."

Sasa alikuwa na kamchezo kake. Diski ikiisha anazima televisheni, anakung'uta majivu ya pasi, halafu anatuuliza mmoja mmoja, "Leo ulikuwa nani?" Mwanzoni wote tulikuwa yule mpiga mishale asiyekosa. Fundi akapiga marufuku. Alisema hakuna mtu duniani anayejiona mbaya, hata mwizi wa ng'ombe akiangalia picha hii atajiona ni yule mpiga mishale, kwa hiyo tuache huo uongo. "Niambie nani amekukera leo," alisema. "Aliyekukera ndiye wewe. Kaa naye." Mimi nilichukia sana. Nilikuwa msichana wa darasa la sita mwenye mdomo, na nilikuwa napigana karibu kila wiki. Nilimwambia fundi kwamba aliyenikera ni yule mwana wa mfalme mwenye kiburi, anayekataa kuwapa ndugu zake hata ardhi ya kuchomeka ncha ya sindano. Fundi akacheka mpaka akajichoma. "Robi," akasema, "wewe juzi umemnyima mwenzako hata kivuli cha kukaa hapa." Watoto wakacheka na mimi nikatoka nje kwa hasira. Lakini njiani nilikuwa nafikiria, na ule ulikuwa mwanzo. Mtu akiniuliza nilisomea wapi, huwa najibu nilisomea pale chini kwenye vitambaa.

Kuna siku ilifika sehemu ya mashindano. Kijana mmoja asiyejulikana anaingia uwanjani, ana ngao iliyoota mwilini mwake kama ngozi, na ana hereni alizozaliwa nazo. Mtafsiri wetu alikuwa anamwita Mtoto wa Jua, kwa sababu mama yake alimzaa na jua kabla hajaolewa, akaogopa, akamweka kwenye kikapu na kumwachia mto. Aliokotwa na dereva wa gari la farasi, akalelewa huko. Anarusha mishale kuliko wote. Wakubwa wanaona wanashindwa, wanasimama wanamuuliza, "Wewe baba yako ni nani?" Na kijana yule mwenye nguvu zote zile anainamisha kichwa, hana jibu. Kibanda kizima kiligeuka nyuma kuniangalia mimi.

Niwaeleze. Bibi yangu Wankuru alizaa mabinti watupu, wakaolewa, mume wake akafa, nyumba ikabaki haina mtoto wa kiume wa kurithi. Kwa Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, anaoa binti, binti anazaa watoto wa nyumba ile. Tunaita nyumba ntobhu. Mama yangu, Nyangi, aliolewa na Bibi kwa ng'ombe kama mwanamke mwingine yeyote. Mwanaume aliyenizaa alikuwa anakuja na kuondoka, jina lake halikuwa linatajwa nyumbani, na kwa desturi hana haki yoyote juu yangu. Bibi alinifundisha jibu tangu nina meno ya utoto. "Wakikuuliza baba yako ni nani, waambie baba yangu ni zizi. Waambie wakahesabu kwato." Nilikuwa najibu hivyo kwa kujivuna. Lakini siku ile kibandani jibu halikutoka, kwa sababu hata Mtoto wa Jua alikuwa kimya, na kwa sababu mbele ya sikio langu la kushoto nina kinyama kidogo cha kuzaliwa nacho, kama punje ya mahindi, na tayari kuna kijana wa nyuma alikuwa anasema kwa sauti, "Angalieni, na huyu naye ana hereni! Dereva wako yuko wapi?"

Nilishainuka na mkaa mkononi. Aliyeniwahi ni Marwa. Marwa alikuwa jirani yetu, mkubwa, ameshatoka jandoni, alikuwa amepitia pale kuchukua suruali yake. Hakuwa mtu wa kukaa chini kuangalia picha. Alimshika yule kijana kola, akamnyanyua mpaka miguu ikaning'inia, akamwambia taratibu kabisa, "Baba yake ni mimi. Una shida?" Yule akasema hana shida. "Mwamkie mtoto wangu." Yule akaniambia shikamoo! Kibanda kilicheka mpaka mabati yakalia. Na kwenye televisheni, nisingeamini kama nisingeona kwa macho, yule mwana wa mfalme mwenye kiburi alikuwa amesimama palepale uwanjani anamvika Mtoto wa Jua taji, anasema kuanzia leo huyu ni mfalme na ni rafiki yangu, nani ana neno. Kuanzia siku hiyo Marwa angeniambia niruke kwenye mto ningeuliza mto upi. Mimi niko hivyo mpaka leo. Ukinisimamia mara moja umenipata maisha.

Msimu huo mvua za vuli zilichelewa. Watu walikuwa wamelima, ardhi iko wazi, nyekundu, inasubiri, na mtu anayesubiri mvua ana muda wa kufikiria mipaka. Ng'ambo ya mto wetu mdogo kulikuwa na wenzetu wa ukoo mwingine. Lugha moja, majina yaleyale, nyama tunakula vilevile na kichuri chake, ule mchuzi mchungu wa majani ya tumboni mwa ng'ombe. Kulikuwa na kipande cha bondeni ambacho kila upande ulisema ni chake. Asubuhi moja kikakutwa kimelimwa usiku kwa ng'ombe, mistari mirefu imenyooka vizuri, na jiwe la mpaka limeng'olewa limelazwa kifudifudi kama maiti. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Watu wa kwetu ni wa kelele, tukiuziana chumvi ni kelele, na siku ile watu walikwenda kulitazama lile jiwe, wakarudi, wakaendelea na kazi. Mzee aliyekuwa anapiga litungu, kinubi chetu, jirani na kisima akaacha kupiga. Wanawake wa ng'ambo wakaacha kuleta maziwa. Mhunzi akawa anagonga mchana kutwa, na ukimuuliza anatengeneza nini anasema majembe. Wenye ndugu Bomani, kule mjini kwenye maofisi, wakaanza kuhamisha vitu kidogo kidogo, leo godoro, kesho kuku, wanaaga kwamba wanakwenda kusalimia.

Kwa fundi tuliendelea kuangalia. Tulikuwa tumefika kule kwenye ukumbi wa mfalme, ambako mke wa yule mpiga mishale na ndugu zake anaburutwa kwa nywele na mtu anaanza kumvua nguo mbele ya wazee. Anavuta nguo, na nguo haiishi, inakuja tu, inajaa sakafu mpaka mvutaji anachoka anakaa chini. Fundi alikuwa anaipenda sehemu hiyo kwa ufundi wake, alisema angejua kitambaa hicho ni cha kiwanda gani angehamia huko. Lakini siku hiyo hakufanya mzaha. Alitunyooshea kidole kwenye wazee. Walikuwepo wamekaa, wenye ndevu nyeupe, na babu yao mkubwa kuliko wote, shujaa aliyekula kiapo cha kutumikia kiti cha ufalme, anaangalia chini. "Huyu anaweza kuisimamisha," fundi alisema. "Mnamwona? Anaangalia miguu yake." Hakutuuliza tulikuwa nani. Alizima.

Siku chache baadaye nilikuwa na mama mtoni tunafua. Kwa kawaida upande ule kunakuwa na wanawake wa ng'ambo, tunarushiana sabuni na umbea. Siku hiyo mawe yao yalikuwa matupu. Mama alikuwa anasugua shuka moja muda mrefu, mpaka nikamwambia itatoboka. Bila kuniangalia akasema, "Kuna kijana wa kule anaitwa Chacha. Anajenga mjini, anapita hapa na baiskeli." Nikasema namjua, anayeimba ovyo. "Ulishamtazama sikio?" Nilikuwa nimemtazama. Kila mtoto anayechekwa kwa kitu anakiona haraka kwa mwingine. Chacha alikuwa na punje mbele ya sikio, la kushoto, kama langu. Mama akakamua shuka. "Wakivuka," akasema, "usimrushie jiwe." Halafu akaongeza, "Na usimwambie Bibi kwamba nimesema." Basi, ndiyo hivyo nilivyoambiwa nina kaka, na kwamba aliyenizaa ni mtu wa ng'ambo. Niliondoka pale nimevimba kwa hasira. Nilikuwa namkasirikia mama kwa kunipa kitu cha namna hiyo wakati ule, na sikuwa na pa kukiweka. Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi, kwa sababu kule kwenye hadithi tulikuwa tumefika palepale. Vita inakaribia, mama wa Mtoto wa Jua anamfuata mtoni anaposali, anamwambia, mimi ndiye niliyekuzaa, na hao unaokwenda kupigana nao ni wadogo zako, njoo kwetu. Na yeye anakataa. Anasema walionisimamia ni wale, wema au wabaya, siwezi kuwaacha leo. Lakini nakuahidi sitawagusa wanao, ila mmoja tu, yule mpiga mishale, na hesabu ya watoto wako haitapungua. Nilitaka nione anafanyaje baada ya hapo. Diski ikaganda hapohapo. Sura yake ikabaki imekatika vipande kwenye kioo, mdomo wazi. Fundi aliitoa, akaifuta kwa kanga, akairudisha, ikaganda tena.

Kesho yake Marwa na vijana wengine waliingia kibandani na jora la kitambaa chekundu. Nilikuwepo, nimeleta mkaa. Walitaka vipande vyembamba vya kufunga mkononi, juu ya kiwiko. Fundi akauliza vya nini. Marwa akasema, "Fundi, sisi na wale tunafanana." Hiyo tu. Na ndiyo ilikuwa kweli yote. Watu walikuwa wanakwenda kukatana na hawakuwa na namna ya kujua nani ni nani bila kitambaa. Fundi alikaa muda ameshika mkasi. Alikuwa mgeni kwetu, anakula kwetu, kibanda kiko kwenye kiwanja cha mtu. Akakata. Nilikaa palepale chini nasikia mkasi unavyotembea, na vipande vinadondoka, vinarundikana kwenye miguu yangu, na jora lilikuwa kama haliishi. Marwa na wenzake walipotoka kwenda kuvigawa, fundi akaniambia kwa sauti ndogo, "Leo na wewe niulize." Nikamuuliza, leo ulikuwa nani. Akasema, "Yule babu." Hakunitazama.

Vitambaa viligawiwa asubuhi iliyofuata, nyumba kwa nyumba, hata kwa wanawake na watoto wakubwa, kwa sababu kwenye vurugu hakuna anayeangalia umri. Walipofika kwetu walimfunga Bibi. Walimfunga mama, kwa sababu alikuwa mke wa Bibi kwa ng'ombe wa watu wanaojulikana. Mimi wakaniruka. Aliyekuwa anagawa ni yuleyule aliyewahi kuniamkia shikamoo kwa lazima, na aliyasubiri haya. Akasema, "Huyu hatujui ni wa wapi. Akisimama kule atafanana na wa kule." Bibi alimrushia mwiko. Matusi aliyomwagiwa kijana yule kwa Kikurya siwezi kuyaandika hapa, lakini yule alirudi nyuma tu, hakutoa kitambaa. Marwa akatoka nyuma yao. Hakugombana na mtu. Alifungua cha kwake kwa meno na mkono mmoja, akapiga goti, akanifunga mimi, akakaza. "Ameshavaa," akasema. Kijana akauliza, "Na wewe, mura?" yaani kijana kwa Kikurya. Marwa akasema kila mtu anaijua sura yake. Wakaondoka.

Mwano ulipigwa jua likiwa juu. Kama hujawahi kuusikia mwano, ni yowe la vita au la wizi wa ng'ombe, linatoka kilima hiki linadakwa na kile. Moshi ulianza bondeni. Bibi alituamuru tukae ndani, na mimi nikazunguka nyuma ya ghala kuingiza mbuzi. Chacha alikuwa amechuchumaa pale, katikati ya ghala na ukuta, amekumbatia baiskeli yake kama mtu. Alikuwa ametoka kazini mjini, hajui kitu, mwano umemkuta upande wetu. Bado alikuwa na saruji kwenye nywele. Tulitazamana. Hakusema nisaidie. Aliangalia sikio langu, akaangalia tena, na nikaona kwamba na yeye kuna mtu aliwahi kumwambia.

Nilisikia sauti za vijana zinakuja kwa barabara ya mihogo, wanakagua nyumba. Mmoja wao alikuwa anacheka. Ningepiga kelele moja tu ningekuwa mtoto wa Turwa siku hiyo na milele, hakuna ambaye angeniuliza tena baba yangu ni nani. Ninaandika hivi ninavyokumbuka: nililitaka hilo. Nililitaka kwa nguvu zote. Halafu nikajisikia nauliza, siyo kwa sauti, kwa sauti ya fundi, leo wewe ni nani Robi? Nikamwona yule mwenye hereni ameganda kwenye kioo mdomo wazi, hajaambiwa afanye nini baada ya hapo. Nikafungua kitambaa, kwa meno, kama Marwa alivyofanya. Nikamfunga Chacha mkononi, fundo mara mbili. Nikamwambia, "Simama. Endesha katikati ya barabara. Ukijificha wanakuua." Akatoka. Nilimwona kwenye uwazi wa mihogo anapishana nao, akainua mkono ule mwekundu juu, akapaza, "Mura! Twendeni huku juu, wanapitia huku!" Nao wakamjibu kwa kelele, wakamfuata kidogo, wakampoteza. Hata leo tukikumbushana kwa simu naona baridi. Alikuwa na saruji kichwani, hawakuona sikio.

Marwa alikuja jioni, kabla giza halijaingia, amebebwa. Alikuwa ametokea mtoni amelowa, uso una matope, moshi umejaa, anapanda kuja kwetu, na watu wa kwetu walikuwa wameambiwa wasipoteze muda kutazama sura, watazame mkono. Wakautazama mkono wake, hauna kitambaa. Aliyemkata panga mkononi ni wa kwetu, alisoma naye darasa moja. Walimlaza kwa Bibi kwa sababu nyumba yao ilikuwa imeshaungua, na harufu ya nyumba ile ilikuwa imeingia kila mahali, kwenye maji, kwenye uji. Nilikaa upande wa kichwa chake. Alipopata sauti aliniangalia mkononi, akasema, "Kitambaa changu?" Nikamwambia nimempa mtu. "Mtu gani?" Nikamwambia ukweli, mimi sijui kuzunguka. Nikasema ni kaka yangu, ni wa ng'ambo, ana sikio kama langu. Mama alikuwa mlangoni, Bibi kwenye kigoda, wote wawili wanasikia. Marwa alifumba macho. Nilijua nimempoteza baba wa pekee niliyewahi kuwa naye. Halafu akasema, kwa uchovu tu, "Mimi nilikupa. Ukishapewa ni chako." Akaomba maji.

Miaka hii yote nimekuwa nikizungusha maneno hayo. Kwenye hadithi ile, mfalme wa miungu anajifanya maskini, anamwendea Mtoto wa Jua kumwomba ile ngao ya mwilini, ili vitani awe mtupu. Jua lenyewe lilikuwa limemwonya. Yeye akachukua kisu, akaikata mwilini mwake, akatoa. Nilimwona Marwa siku zote kama yule mwana wa mfalme mwenye kiburi, na mimi ndiye mwenye hereni, mimi ndiye wa kuhurumiwa. Nilikuwa nimegawa sura vibaya. Aliyejikata ngao akabaki mtupu alikuwa yeye, na aliyepiga goti kunifunga hakuwa anajivuna hata kidogo. Hapo ndipo nilipomwelewa fundi. Hadithi kubwa namna ile haikupi sura moja ukae nayo. Asubuhi unakuwa huyu, mchana unakuwa yule, na ukiacha kujiuliza, kuna mtu atakukatia kitambaa akuambie wewe ni nani.

Fundi aliondoka Turwa kabla ya mvua. Aliacha pasi na cherehani mlangoni kwa Bibi, televisheni akaondoka nayo. Mimi nilijifunza kushona mwenyewe kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudisha, na mwisho wa ile hadithi nimekuja kuusoma kwenye simu, kwa Kiingereza cha kuokoteza. Mtoto wa Jua anakufa. Baada ya vita ndipo mama yao anawaambia alikuwa kaka yenu, na mkubwa wa wale ndugu anakasirika, anawalaani wanawake wote wasiweze tena kutunza siri. Nilirusha simu kitandani. Siri ilikuwa ya wanawake? Nani aliwaambia wanyamaze? Nikamfikiria mama yangu na lile shuka. Halafu, kwa sababu nimezoea, nikajiuliza kwa nini huyo amenikera sana hivyo, na nikakumbuka nilivyoondoka mtoni nimemvimbia mama, sijamsaidia hata kubeba ndoo. Kesho yake nilikwenda nikamfulia mashuka yote.

Sasa hivi mimi ndiye fundi pale. Bibi amezeeka, haoni vizuri, bado anatukana. Chacha alihamia Mugumu, anajenga huko, kile kitambaa amefungia mlango wa banda lake la kuku. Marwa mkono wake haufungi, vidole vimebaki nusu wazi kama anasubiri kupewa kitu, na anakaa mlangoni kwangu anauza vocha. Mtu akimcheka ule mkono tunapelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, nimeshapelekwa, na nitapelekwa tena. Zamani mwano ulikuwa unatoka kilimani unausikia unavyokuja. Siku hizi unaingia kwenye simu, hauna sauti, unaona tu vijana wanainamisha vichwa kwa pamoja. Mwaka huu vuli imechelewa tena. Bondeni kuna mistari mipya, imenyooka. Mwenye maziwa wa ng'ambo hajapita wiki hii.

Jana aliingia kijana, mpole, anaamkia vizuri. "Dada Robi, nina kazi ndogo." Alikuwa na jora kwapani, la kijani safari hii. "Vyembamba tu. Vya mkononi." Nikamuuliza vya nini. Akasema vya mpira, wana mechi. Hakuweza kuniangalia, aliangalia miguu yake. Aliacha jora, akasema atarudi leo jioni na wenzake kuvichukua. Mimi nina mdomo, na jana sikusema kitu. Nililala nalo. Asubuhi hii nimelifungua juu ya meza, nikalikunja lote liwe nene, nikapandisha pasi juu yake katikati, nikaondoa mkono. Harufu ya kwanza ikaja, ile tamu. Marwa akageuka mlangoni. Hakuwahi kukaa kibandani kuangalia zile picha, lakini swali la fundi kanisikia nikiliuliza maisha yote. Akauliza, "Leo ni nani?"

Nikamwambia sijui bado, na jioni watakuja wengi.

Akatazama lile jora linavyoungua mezani. Harufu ikageuka. Akainuka, akachukua koleo kwa mkono mzima, akafungua jogoo wa pasi, akaongeza mkaa.